Mrejesho: vijana wangu wa Kayole na Biblia

Wapendwa, niliomba ushauri jinsi ya kuwasaidia vijana wa kanisani kwetu Kayole waielewe Biblia, si kukariri mistari tu. Asanteni sana! Nilifuata wazo la kuanza na kitabu kifupi. Tulisoma Ruthu, sura zote 4, kwa kupokezana. Tulipofika pale Ruthu, mjane maskini, anapookota masazo (masuke yaliyoachwa na wavunaji) shambani mwa tajiri Boazi, binti mmoja akauliza mbona wenye mashamba siku hizi hawawaachii maskini kitu. Tukafungua Walawi 19:9, panapomkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni na kuokota masazo, wakajadiliana mpaka mlinzi akaja kufunga geti. Nilifurahi mno.

Kuandika daftari nyumbani kumegoma, wengi hawaandiki. Wavulana wakubwa pia bado wako kimya. Jumapili ijayo tunaanza Yona, nacho kina sura 4.