Nataka kuranda fimbo yangu ya pool, mpingo mtupu, sina mashine ya kukereza. Mafundi nishaurini

Kijana wa Tabata:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni seremala wa samani, makabati na vitanda ndivyo vinavyonilisha, na nikishafunga karakana utanikuta kwenye meza ya pool. Fimbo za baa mnazijua wenyewe: hii imepinda, ile tipu (ngozi ya mbele inayogonga mpira) imelika mpaka chuma, nyingine imefungwa soleteipu katikati. Zile za dukani za kuungia katikati nimezishika, siyo mbaya, ila mtu una randa yako mwenyewe inauma kutoa hela kununua mti uliopakwa rangi.

Sasa nimepata mche wa mpingo, urefu sm 150, unene kama sm 4 kila upande, umekaa stoo kwa mzee mmoja muda mrefu sana, mkavu kabisa. Wazo langu ni kutoa fimbo nzima humo, kipande kimoja, nyeusi kuanzia kitako hadi mbele. Maswali yangu: je, mpingo mtupu utafaa kuchezea? Nitauviringishaje bila mashine? Na mwisho nipake nini, vanishi au mafuta?

Wa kunikatisha tamaa pia karibuni, ila mje na sababu.

Mzee wa Kona:

Kijana, nunua ya Mchina ucheze. Muda utakaopoteza hapo ungetoa makabati mawili.

Tipu Laini:

@Mzee wa Kona kwani kila kitu ni hela? Mwache afanye. Kaka, huku Mombasa niliwahi kuchezea fimbo ya mpingo mtupu ya rafiki yangu. Nzuri kuitazama, watu wote klabuni walitaka kuishika. Kuchezea sasa... mbele nzito, mkono wa daraja, ule wa mbele unaobeba fimbo, unachoka. Ukipiga katikati ya mpira iko sawa. Ukitaka spini ya pembeni, mpira mweupe unakwenda njia yake.

Hesabu Kwanza:

Watu wengi wataruka na kusema mpingo ni mzito mno. Nimekaa nikapiga hesabu. Fimbo ya sm 147, mm 9 mbele na mm 29 kwenye kitako, ina mti kama sentimita za ujazo 455. Mpingo una gramu 1.2 hadi 1.25 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo unapata gramu 550 hadi 570. Fimbo za pool kwa kawaida ziko kati ya gramu 510 na 600. Kwa hiyo uzito wa jumla SIYO tatizo.

Tatizo ni mahali uzito ulipo. Fimbo ya mti wa aina moja, iwe mpingo au msindano, ikiwa na umbo hilo italala sawa juu ya kidole ukiishika kama sm 50 kutoka kwenye kitako. Wachezaji wengi wanapenda sm 40 hadi 45. Na alichosema @Tipu Laini kuhusu spini ni kweli kabisa: mbele ya fimbo ikiwa nzito, ukigonga pembeni fimbo haikubali kusogea kando, kinachosukumwa nje ya mstari ni mpira. Ndiyo maana watengenezaji wanahangaika kupunguza uzito wa ile sehemu ya mwisho karibu na tipu.

Randa ya Babu:

Nimeuona uzi huu kwa kuchelewa. Fimbo ndiyo kazi yangu hapa Tanga, za snuka na za pool, nilianza nikiwa kijana wa kutengeneza makasia. Kijana wa Tabata, kabla sijasema lolote nijibu: meza yenu ina mipira ya mm 51 au ile mikubwa ya mm 57? Na huo mche, ukiutazama kwa jicho moja kutoka kichwani, nyuzi zinakwenda moja kwa moja au zinazunguka?

Kijana wa Tabata:

Shikamoo fundi. Mipira ni ile midogo, mm 51. Mche umenyooka kwa nje, ila nyuzi kuanzia kati zinapinda kuelekea ubavuni. Na upande mmoja kuna ule weupe wa nje kama mm 5.

Randa ya Babu:

Marahaba. Basi umeshajijibu. Mpingo hukua umejikunja, kupata mita moja na nusu yenye nyuzi zilizonyooka ni bahati ya mtende. Nyuzi zikitokea ubavuni, fimbo itapinda hapohapo mvua zikianza, na siku ukigonga kwa nguvu inaweza kukatika. Usiutoe fimbo moja. Huo mche ukate uwe wa vitako, na mbele uweke mti mwingine.

Waingereza wametumia kwa miaka mingi mti wa ashi mbele na mpingo au mti mweusi mwingine wa aina hiyo nyuma, na hawakufanya hivyo kwa urembo peke yake. Ashi ni mkakamavu na mwepesi, karibu nusu ya uzito wa mpingo. Mpingo ukikaa nyuma unavuta uzito uje mkononi. Ukiangalia hesabu ya huyo bwana hapo juu utaona inakubaliana.

Ashi hapa kwetu haioti. Mimi natumia fimbo za snuka zilizovunjika za klabu za zamani, au natumia msaji. Msaji wa shamba la Longuza, Muheza, ukichagua vizuri, unakaa. Haupindi hovyo kwa unyevu, ukakamavu wake hauko mbali na ashi. Ni laini kidogo zaidi, unashika alama haraka, basi. Mninga ni mtulivu kuliko yote lakini kwa fimbo naona unalegea. Mkangazi sitaki hata kuusikia kwa kazi hii, nyuzi zake zinapishana, randa inang'oa vipande.

Namna ya kuchagua: usiamini macho. Chukua ubao, pembezoni piga patasi upasue kibanzi. Mpasuko utakuonyesha nyuzi zinakokwenda. Ukikimbilia nje ndani ya sm 30, rudisha ubao kwa mwenyewe.

Kata mche wa mm 35 kwa 35, urefu sm 150. Utundike wima kwa kamba, usiegemeze ukutani. Baada ya wiki mbili tatu utazame. Ukipinda, randa upande uliopinda, utundike tena. Ukipinda mara ya pili sana, tafuta mwingine, huo una hasira zake. Kila ukipunguza unene, acha upumzike. Vijana wanaokuja kwangu hapo ndipo wanaposhindwa, wanataka Jumamosi waanze na Jumapili wakacheze.

Mmakonde Halisi:

Naunga mkono kuhusu mpingo kukatwakatwa. Kwa wasio na mche kama wa mtoa mada, nendeni kwa wachonga vinyago pale Mwenge, mabaki ya sm 45 yanapatikana na ndiyo urefu mnaouhitaji kwa kitako. Chagueni yaliyopakwa nta kwenye vichwa, maana mpingo ukikauka haraka kwenye ncha unapasuka. Na ukisafirisha kutoka Lindi au Kilwa, uwe na karatasi za TFS, wale wakala wa huduma za misitu. Gari likisimamishwa na huna hati ya kusafirishia mazao ya misitu, hutaelewana nao.

Jingine: vaeni barakoa. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua.

Kijana wa Tabata:

Fundi nimekuelewa, msaji mbele, mpingo nyuma. Sasa nauliza kuungana kwake. Naziona zile fimbo zenye mishale minne nyeusi inayopanda. Ile ni kuchonga na kupachika?

Randa ya Babu:

Hapana, na hapa ndipo kazi ilipo tamu. Mti wa mbele haukatwi. Unapita katikati mpaka mwisho wa kitako. Unachofanya ni kuranda ubavu mmoja wa kitako uwe bapa, kuanzia kama sm 40 kutoka mwisho: pale juu randa inagusa tu, kadiri unavyoshuka ndivyo inavyokula zaidi. Juu ya ubapa huo unabandika ubao wa mpingo wa mm 12 hivi. Unaacha gundi ikauke mpaka kesho. Kisha ubavu wa kinyume, vivyo hivyo. Ukishakauka unaranda hizo mbili ziwe sawa, unageukia mbavu mbili zilizobaki, nazo zinakula mpaka kwenye mpingo wa mwanzo. Mwisho unaviringisha yote kwa pamoja, na mishale inatokea yenyewe, maana ubapa umekutana na mviringo. Hakuna aliyeichora.

Mishale kuwa sawa kwa urefu ndiyo inayomtenga fundi na mwanafunzi. Ubapa mmoja ukizidi kwa unene wa karatasi, mshale wake utapanda juu ya wenzake na kila mtu ataona. Kwa hiyo tengeneza kwanza ubao mrefu wenye mfereji wa V, fimbo ilale humo isicheze, na upime kwa kalipa kila upande kabla hujapaka gundi.

Gundi: mpingo una mafuta, na msaji una mafuta zaidi. Randa, futa kwa kitambaa chenye asitoni, bandika saa hiyohiyo kwa gundi ya epoksi ile inayokauka polepole. Ukiacha mpaka jioni mafuta yanarudi juu. Usibane mpaka gundi yote ikatoka.

Hesabu Kwanza:

Na kuviringisha bila mashine? Hilo swali limerukwa.

Randa ya Babu:

Sijaruka, ni mkono ulichoka kuandika. Kwa wanaotengeneza milingoti kuna kipimo cha saba, kumi, saba. Mti wa pande nne unaugeuza wa pande nane, kisha kumi na sita, kisha msasa.

Chukua kipande kidogo cha ubao. Piga misumari miwili, nafasi kati yake mm 36. Kutoka msumari mmoja pima mm 10.5, toboa tundu la penseli. Pima mm 15 mbele yake, toboa la pili. Zinabaki mm 10.5 mpaka msumari wa pili, ndiyo uwiano wa saba, kumi, saba wenyewe. Sasa panda nacho juu ya mti, misumari yote miwili iguse mbavu. Mti ukiwa mwembamba kuliko mm 36 kipimo kinalala upande chenyewe, na penseli zinasogea karibu kwa uwiano uleule. Kwa hiyo mti unavyopungua kuelekea mbele, mistari inapungua nao. Chora pande zote nne, randa kona mpaka kwenye mstari, una pande nane zilizo sawa. Nane kwenda kumi na sita tumia jicho na kidole. Baada ya hapo msasa wa 80 umekunjwa kama pete, kisha 120, 240, 400.

Unyoofu usiupime kwa kuviringisha juu ya meza. Meza yenyewe nani kakwambia imenyooka? Tazama kwa jicho kutoka kwenye kitako, zungusha robo, tazama tena.

Mswahili wa Leicester:

Huku ashi ipo, ingawa ugonjwa unaoiua ulithibitishwa Uingereza mwaka 2012 na miti mingi imeshakatwa. Nikija Desemba naweza kuwaletea miche miwili mitatu ya mbao yake. Na mimi nitumieni mpingo kwa posta basi.

Mmakonde Halisi:

Mpingo ghafi haupiti kirahisi hivyo mkuu. Tangu Januari 2017 uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, jamii yake yote, unahitaji kibali cha kutoka nchini. Wewe leta ashi, mpingo utauona kwenye fimbo.

Tipu Laini:

Fundi, umesahau mafuta au vanishi.

Randa ya Babu:

Mbele usipake vanishi kabisa, joto la mwambao litakufanya mkono unate. Mafuta ya kitani, matone machache, sugua mpaka kitambaa kipate moto, futa yote, rudia kesho yake. Kitako ukipenda king'ae sawa, kipake vanishi. Halafu vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye pumba za randa. Vinajipasha na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Tipu kwa mipira ya mm 51 anza na mm 9. Chini yake pete ya shaba iingie kwa kubana, siyo kwa gundi peke yake.

Na kabla hujagusa mpingo, tengeneza kitako kimoja cha majaribio kwa mabaki ya msindano na mninga, sm 50 tu, mishale yote minne. Kikatae, tengeneza kingine. Mpingo wako hauendi popote.

Kijana wa Tabata:

Ahsante sana fundi. Msaji wa Longuza nikifika Muheza nauliza wapi, mnada au wachanaji?

Randa ya Babu:

Kwa mche mmoja mnada utakushinda, kule wananunua kwa ujazo. Nenda kwa wachanaji wa mbao, waombe wakuonyeshe vipande walivyovitenga kwa kuwa vyembamba mno kwa milango. Nenda na patasi yako.

Mzee wa Kona:

Ukitengeneza ya pili niambie bei.