Mjadala: Je, faini hujenga ushirikiano au huubomoa?

Mtoa mada:
Ndugu wachangiaji, naleta swali ambalo watunga sera hulijibu haraka mno: watu wanapokwepa wajibu wao kwa wenzao, je, dawa ni kuwatoza faini? Mimi naamini kwamba faini iliyowekwa bila kutafakari huua jambo lenyewe tunalotaka kulilinda, yaani ile haya anayoiona mtu anapomwelemea mwenzake.

Nategemea utafiti wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini uliochapishwa mwaka 2000. Walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako baadhi ya wazazi walichelewa kuwachukua watoto wao. Baada ya wiki 4 za kuhesabu tu, vituo 6 viliweka faini ya shekeli 10 kwa mtoto aliyechelewa kuchukuliwa kwa dakika 10 au zaidi. Uchelewaji uliongezeka hadi takriban maradufu, na faini ilipofutwa katika wiki ya 17 haukurudi ulikokuwa. Ninavyoelewa, awali mzazi alijua kwamba mwalimu anamsubiri kwa hisani. Faini ilipoingia akajiona mteja aliyelipia muda wa ziada, na mteja haombi radhi. Hayo ya wiki ya 17 ndiyo yanayonisumbua zaidi, kwa kuwa kanuni hufutwa kwa siku moja, ilhali haya iliyokwisha kuondoka hairudishwi kwa tangazo.

Mchangiaji:
Ahsante, mtoa mada, lakini umeichukua faini moja ndogo ukaifanya sheria ya maumbile. Ernst Fehr na Simon Gächter, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2000 na 2002, waliwapa washiriki fedha na kuwaachia waamue kiasi cha kutia katika mfuko wa pamoja, ambao uliongezewa thamani kisha ukagawanywa sawa kwa wote, aliyetoa na asiyetoa. Pasipo adhabu, michango ilididimia duru baada ya duru. Waliporuhusiwa kutumia fedha zao wenyewe kumpunguzia mdoezi mapato yake, michango ilipanda, hata pale makundi yalipopangwa upya kila duru ili watu wasikutane tena. Watu wengi si wachoyo. Hutoa kwa sharti kwamba wenzao nao wanatoa, na wakimwona mdoezi anafaidi jasho lao, hukunja mikono. Ukimwacha mdoezi, anayeumia ni yule mwema.

Mtoa mada:
Hilo la wanaotoa kwa sharti nakubali, na ni hoja nzito kuliko yangu ya awali. Hata hivyo, naomba tutazame ni nani anayeadhibu. Katika majaribio hayo mwadhibu ni mchangiaji mwenzako, anayejitia hasara ili kukuonyesha kwamba amekereka, kwa hiyo adhabu yake bado ni lawama na si bei. Tena, mwaka 2008 Benedikt Herrmann, Christian Thöni na Gächter walilinganisha washiriki wa miji 16 duniani, wakakuta kwamba katika baadhi ya miji waliotoa kidogo waliwaadhibu hata waliotoa kwa ukarimu, hasa katika jamii ambazo imani katika utawala wa sheria ni dhaifu. Rungu lile lile, mkono mwingine.

Ndiyo maana naegemea upande wa Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Alipochunguza jumuiya zilizotunza mifereji, misitu na maeneo ya uvuvi kwa muda mrefu, alikuta kwamba adhabu zipo, ila huanza kwa wepesi na kupanda kadiri kosa linavyorudiwa, na wasimamizi ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Sasa nakuuliza, mchangiaji mwenzangu: katika mji wa mamilioni, ambako anayetoza faini na anayetozwa hawajuani kabisa, tufanye nini ili faini ibaki kuwa lawama?