Tupeane uzoefu: vidonge vya maumivu vyenye dawa mbili au tatu ndani yake

Seremala wa Buguruni
Wakuu, salaam. Nataka tupeane uzoefu wa hivi vidonge vya maumivu vya mchanganyiko. Ukifika duka la dawa ukasema tu "mgongo unanisumbua", unakatiwa. Kwa nyuma pameandikwa diclofenac 50, paracetamol 500, na vingine vina ya tatu ya kulainisha misuli, chlorzoxazone. Karakana yetu nzima kila mtu anavyo mfukoni. Vinafanya kazi, sibishi. Ninachotaka kujua mnavitumiaje, mnachanganya na nini, na nani vimemdhuru. Mwenye utaalamu naye aingie, ila wa kutangaza biashara akae pembeni.

Mama Nuru
Kwetu ni baba mkwe. Ana presha, anameza losartan na ile ya kukojoa kila asubuhi bila kuruka. Magoti yakimbana anamtuma mjukuu dukani kimyakimya. Ikafika mahali presha haishuki na miguu inavimba, sisi wote tunalaumu chumvi, mama mkwe anapika mboga kama za mgonjwa aliyelazwa.

Kliniki daktari akamwambia alete kila dawa iliyopo nyumbani, hata ya kupaka. Shemeji akaenda kuchukua mfuko wake mweusi wa chini ya mto. Zikamwagwa mezani: pakiti ya mchanganyiko imebaki vidonge viwili, bahasha ya kaki yenye ibuprofen, bahasha nyingine haina jina, imeandikwa "1 x 3" basi, na tyubu ya jeli ya kuchua. Ibuprofen na diclofenac ni ukoo mmoja, kwa hiyo mzee alikuwa anameza kitu kilekile mara mbili kwa majina tofauti.

Daktari alivyotueleza, dawa za ukoo huo zinapunguza damu inayoingia kwenye figo na zinazuia chumvi na maji visitoke. Ukiziweka juu ya losartan na dawa ya kukojoa, figo inabanwa na tatu kwa pamoja. Kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kilikuwa kimepanda. Vidonge vikasimamishwa, akabaki na paracetamol peke yake, na presha ikashuka bila kuongezewa dawa. Mzee hajafurahi. Hadi leo anasema paracetamol ni dawa ya watoto.

Kuli Mstaafu
Nimebeba magunia bandarini ujana wangu wote, nimezimeza asubuhi na usiku, tumbo langu zima. Mnatishana bure.

Nesi wa Zamu
Mzee wangu Kuli, shikamoo. Wako wengi kama wewe na siwezi kukataa. Tatizo tumbo halitoi taarifa mapema. Dawa hizi za ukoo wa diclofenac zinazuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Nimepokea wodini watu wanaotapika damu ambao kiungulia hawakuwahi kukisikia. Aliye hatarini zaidi ni mwenye umri mkubwa, aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo, mnywaji, na anayetumia prednisolone, aspirini au warfarin ya kuzuia damu kuganda.

Na hili la "nimekula kwanza" tuliweke sawa. Chakula kinapunguza kichefuchefu, hakiondoi hatari ya vidonda, kwa sababu dawa ikishaingia kwenye damu inalifikia tumbo kwa njia hiyo. Ndiyo maana hata ukichomwa sindano ya diclofenac, tumbo halijapona.

Hesabu sasa, maana hapa ndipo watu wanapoteleza. Kwa mtu mzima diclofenac isizidi miligramu 150 kwa siku. Vidonge vitatu vya mchanganyiko, umemaliza nafasi yote. Paracetamol mwisho ni gramu 4 kwa siku, na vile vitatu vimeshakuingizia gramu 1.5. Ukiona maumivu bado, ukaongeza Panadol mbilimbili mara tatu, hiyo ni gramu 3 nyingine. Jumla 4.5, umeshapita. Jioni ukapatwa na mafua ukanunua dawa ya mafua, nazo nyingi zina paracetamol. Ini linabeba yote hayo na halikulalamikii siku hiyo.

Mke wa Dereva
Nitetee wauza dawa kidogo. Mume wangu anaendesha lori Dar kwenda Tunduma. Nilikwenda kumchukulia vile vya dawa tatu, binti wa dukani akaniuliza vya nani, anafanya kazi gani. Nikasema dereva. Akavirudisha kabatini, kwamba hiyo ya kulainisha misuli inaleta usingizi. Nilinuna, kwa sababu vile ndivyo alivyoagiza. Lakini kinachonifanya nirudi pale ni mkasi wake: anakata kwa kufuata mstari, upande wenye jina na tarehe ya kuisha anaacha kwangu. Duka jingine unapewa vinne pakiti imeandikwa "...fenac 5...", mengine yamebaki kwa mteja aliyetangulia. Utamsomea nini daktari?

Mwana Kisauni
Mie niko Mombasa. Mke wangu alikuwa mja mzito wa miezi saba, mgongo wamuua. Jirani mwema akamletea vidonge vyake mwenyewe vya diclofenac. Bahati tulikuwa na miadi ya kliniki kesho yake, akaviweka kwenye pochi akavionyesha. Mkunga akavikataa papo hapo: mimba ikishakuwa kubwa, dawa hizi zaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, na maji ya uzazi hupungua. Akapewa paracetamol na mazoezi ya mgongo. Jirani hatukumwambia, angeona tumemdharau.

Mchaga wa Tegeta
Dengi ya 2019 hapa Dar ndiyo iliyonifunza. Mwili wote unauma, macho yanauma hadi kwa nyuma, na nyumbani kuna mchanganyiko kabatini. Zahanati wakasema paracetamol tu, maana dengi inashusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na dawa hizi zinaongeza kuvuja damu. Tangu hapo, homa ambayo haijapimwa siigusi na diclofenac.

Seremala wa Buguruni
Wenye pumu je? Kuna kijana wangu hapa.

Nesi wa Zamu
Baadhi yao zinawabana kifua vibaya, hasa waliowahi kubanwa na aspirini. Aulize kwanza, asijaribu mwenyewe karakanani.

Kuli Mstaafu
Marahaba nesi. Choo kikiwa cheusi ni dawa hizi au chakula?

Nesi wa Zamu
Mzee, unameza vidonge vya kuongeza damu? Madini ya chuma yanafanya choo cheusi na hayana shida. Kama humezi, na choo ni cheusi ti, kinanata, harufu yake si ya kawaida, hiyo ni damu kutoka juu ya tumbo. Acha vidonge na uende hospitali leo, ukiwa umeambatana na mtu. Kizunguzungu ukisimama?

Kuli Mstaafu
Kidogo. Mwanangu anatafuta bajaji.

Mama Nuru
Mungu akutangulie mzee wetu. Nesi, ile jeli ya baba mkwe nayo tuifiche?

Nesi wa Zamu
Jeli inaingia kwenye damu kidogo sana, kwa goti ni afadhali kuliko kidonge. Ila figo zake zilishayumba, kwa hiyo anayemfuatilia kliniki ndiye aseme. Akiruhusiwa, asipake penye kidonda wala asifunge bandeji juu yake.

Mama Nuru
Miadi ni Jumanne. Nitabeba mfuko mweusi mimi mwenyewe.