Comrades ya kushuka, natokea Dar: nijipange vipi?

Mbio_za_Kigamboni:
Wakuu, habari za mihangaiko. Nimeshasajiliwa Comrades, ile mbio ndefu ya Afrika Kusini, ya kushuka: Pietermaritzburg hadi Durban, kama kilomita 90. Marathoni nimekimbia kwa saa 4 na dakika 31. Ninakofanyia mazoezi ni tambarare tupu. Naomba ushauri: mteremko nijiandae nao vipi, mwendo uweje, na kwenye safari yenyewe nisisahau nini?

Kocha_Mteremko:
Mkuu, hilo neno "kushuka" linadanganya. Unaanza mji ulio kwenye mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari, na kabla ya kuanza kushuka kweli unapandishwa mpaka sehemu iitwayo Umlaas Road, zaidi ya mita 800. Inchanga unaipanda, Botha's Hill unaipanda. Halafu, baada ya kama kilomita 65, miguu ikiwa imeshachoka, inakuja Fields Hill: karibu kilomita tatu za kuteremka bila kupumzika kuingia Pinetown. Wengi wanamalizwa hapo, na pumzi bado wanayo.

Sababu ni msuli wa mbele ya paja. Ukishuka, unafunga breki huku unavutwa, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo kila hatua. Pumzi nzuri haikusaidii kitu. Dawa ni kuuzoesha mapema. Panga safari tatu au nne za mteremko mrefu, ukianza na kilomita 5 na kuishia 15. Lushoto kushuka Mombo ni kilomita 30 na ushee za kona, huna haja ya kuimaliza yote. Ya mwisho iwe wiki tatu au nne kabla ya mbio, maana ukiifanya wiki ya mwisho utaondoka na miguu mibovu. Ukikosa nauli ya Lushoto, tafuta ghorofa refu: panda kwa lifti, shuka kwa ngazi, nusu saa, mara moja kwa wiki. Unaposhuka piga hatua fupi za harakaharaka, usijiegemeze nyuma. Anayeegemea nyuma anatua kwa kisigino, na hapo breki inakuwa kali zaidi.

Kucha za miguu zikate siku nne kabla. Viatu viache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, la sivyo Durban utafika na kucha nyeusi.

Bi_Saa:
Kaka, hesabu ya mwendo. Kikomo ni masaa 12, na saa inahesabiwa tangu mlio wa bunduki, si tangu uvuke mstari. Ukipangwa nyuma kabisa, dakika kama kumi zinaweza kupotea kabla hujaanza. Masaa 12 kwa kilomita 90 ni dakika 8 kila kilomita, hizo kumi zikipotea inabaki 7:53. Kwa marathoni yako lenga wastani wa 7:30, utamaliza kwa masaa 11 na robo hivi. Drummond ndiyo nusu ya njia. Ukifika hapo kwa masaa 5 na dakika 40, uko vizuri. Ukifika kwa masaa 5 tu umekula akiba ya Fields Hill.

Milima itembee tangu wa kwanza, usingoje kuchoka. Na ujue kuna mabasi ya aina mbili. Wasauzi wanaliita "basi" kundi linalokimbia pamoja nyuma ya kiongozi mwenye bango la muda, hilo lipande. Lile lenye magurudumu linazoa waliochelewa kwenye vituo vya ukomo vya njiani.

Dawa_na_Maji:
Maji yanatolewa kwenye vipakiti vya plastiki, kama yale maji ya Kandoro yaliyouzwa Dar zamani. Ng'ata pembe moja, kamua, usivute kwa nguvu utapaliwa. Vilivyotupwa chini ukivikanyaga vinateleza na kupasuka. Kunywa kwa kiu tu. Anayejaza maji tumbo zima siku nzima anazimua chumvi ya damu, na hilo ni hatari kuliko kiu. Njiani kuna soda, ndizi, machungwa na viazi vya kuchemsha. Viazi vichovye kwenye chumvi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziache hotelini: ukiwa umepungukiwa maji zinaumiza figo.

Mpita_Nairobi:
Safari sasa. Viatu na nguo za mbio ziwe kwenye begi la mkononi. Namba ya kifuani unaichukua mwenyewe kwenye maonyesho ya mbio kabla ya siku yenyewe, na pasipoti mkononi. Asubuhi ya mbio hakuna kugawiwa. Wanaotokea Kenya wabebe cheti cha homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku kumi. Soketi za kule ni za pini tatu nene za mviringo, adapta nunua kabla, maana saa ya mkononi lazima idumu masaa 12. Saa za Durban ziko nyuma yetu kwa lisaa limoja tu, usingizi hautakusumbua.

Ukilala Durban, mabasi ya kwenda mwanzoni yanaondoka usiku wa manane. Pietermaritzburg mwezi Juni baridi inashuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo vaa sweta kuukuu la kutupa. Mchana Durban jua kali.

Mbio_za_Kigamboni:
Asanteni sana wakuu. Hoteli niombe chumba cha chini?

Kocha_Mteremko:
Cha chini kabisa. Na ndege ya kurudi usikate ya kesho yake.