Naomba ushauri: programu ya bure ya kuhariri sauti

Mwanapangani: Wakuu, habari za jioni. Nina sauti ya marehemu babu akisimulia jinsi ukoo wetu ulivyohamia Pangani, yenye urefu wa saa moja na dakika 40, lakini feni inavuma nyuma yake mwanzo hadi mwisho. Ningependa isikilizwe kwenye hitima ya arobaini, Ijumaa ya wiki ijayo, ikiwa safi. Kompyuta yangu ni ya Windows yenye RAM ya GB 4. Kati ya Audacity na Ocenaudio, ipi inafaa, na inaandaliwaje?

Fundi Redio: Pole kwa msiba. Enzi zetu tulikata utepe kwa wembe, na aliyekosea aliokota kipande sakafuni mbele ya mkuu wa zamu. Mimi niliwahi kuokota kikohozi cha mgeni rasmi nikakirudisha mahali pake, kwa sababu pamoja nacho nilikuwa nimekata jina la kijiji. Vijana mnadekezwa.

Mama Swaumu: Mwanangu, soma masharti kwanza. Audacity ilipochukuliwa na Muse Group mwaka 2021, sera yake mpya ya faragha iliwakera watumiaji wengi, hata wengine wakaanzisha tawi lao, yaani programu yao iliyotokana na Audacity, iitwayo Tenacity. Cha bure nacho kina mwenyewe.

Kebo Fupi: Zote mbili zinatosha. Mimi nauliza jambo jingine: faili ni la aina gani, na rekodi ya asili iko wapi?

Mwanapangani: Ni faili la kawaida tu. Naomba tubaki kwenye programu.

Kebo Fupi: Hata la kawaida lina aina yake. Ni M4A, MP3 au WAV?

Mwanapangani: Ni MP3. Kusema kweli, juzi nilikwisha kuijaribu Audacity. Niliondoa kelele mara tatu mfululizo, sauti ya babu ikawa kama inatoka mtungini, kisha nikatoa faili kwa jina lile lile. Sikuona ubaya, maana diski imejaa, na feni kweli haisikiki tena.

Chapakazi: Feni umeizima, na babu umemzima.

Mpekuzi: Wakuu, tunachezewa. Mwanzo aliuliza achague programu ipi, sasa ameitumia tangu juzi. Tena simu nyingi hurekodi kwa M4A, na Audacity ya Windows haifungui M4A mpaka iongezewe FFmpeg, programu saidizi ya kusoma aina nyingine za faili. MP3 hiyo imetoka wapi? Hadithi hii imetungwa.

Mama Swaumu: Mtu amefiwa, nawe unamdai risiti?

Mwanapangani: Sijatunga. Babu alijirekodi kwa simu yake. Binamu yangu aliigeuza kuwa MP3 kwenye tovuti fulani, akaniwekea kwenye flashi na kufuta ya kwake. Simu yenyewe iko kwa bibi, imezimwa tangu mazishi, imefungwa kwenye kanga. Bibi yuko edani, nami sitaki ajue kwamba nimeiharibu sauti hiyo. Ndiyo maana nilitafuta programu ya kuirudisha.

Kebo Fupi: Kumbe asili ipo! Hakuna programu itakayorudisha ulichokwisha kukiondoa na kuhifadhi juu yake. Mwombe bibi simu, utoe faili kwa kebo, uweke nakala mbili kabla ya kugusa chochote. Ukishaweka FFmpeg na kulifungua, chagua sekunde mbili tatu ambapo babu amenyamaza na feni inavuma peke yake, ziwe sampuli ya kelele, kisha chagua rekodi nzima na upunguze desibeli 6, mara moja tu. Feni itabaki kwa mbali, iache. Mradi utahifadhiwa kama AUP3, faili la kazi la Audacity yenyewe, ambayo spika ya kwenye hitima haitaicheza, kwa hiyo toa pia MP3 kwa jina jipya.

Mwanapangani: Nimekuelewa, ingawa bado naona ile yangu ingefaa kama ingeongezwa besi kidogo.

Mpekuzi: Narudisha maneno yangu. Mtunzi angekuwa amekwisha kukubali kosa.

Mwanapangani: Nimetoka kwa bibi. Amenipa simu bila kuuliza neno, pamoja na kanga yake. Chaji imekwisha, na tundu lake ni la Micro-USB. Je, kebo ya spika ya mtoto itatoa faili?

Kebo Fupi: Nyingine huchaji tu, hazina nyaya za data. Jaribu kwanza kwa simu yako, na hiyo ya babu usibonyeze kitu.