Eneo bunge la Embakasi hapa Nairobi lilistahili kukatwa vipande vitano? Mimi nasema ndiyo, tena walichelewa

Naweka hii wazi kila mtu aseme yake. Kila tukiongea gharama ya bunge lazima mtu alete mfano wa Embakasi, eti zamani tulikuwa na mbunge mmoja, saa hii ni watano na hakuna kitu kimebadilika, so turudishwe vile tulikuwa. 2019 wakati wa Punguza Mizigo, ule mswada wa kubadilisha Katiba wa mwanasiasa Ekuru Aukot, ile ilitaka wabunge watoke 416 wabaki 147 na maeneo bunge yafutwe kabisa, hii hoja niliisikia hadi kwa kinyozi. Mimi nimekulia Kayole na siikubali hata kidogo.

Wenye hamkuijua Embakasi ya zamani, hiyo ilikuwa Dandora, Umoja, Kayole, Komarock, Pipeline, Mukuru kwa Njenga, Utawala, na uwanja wa ndege wa JKIA ukiwa ndani. Sensa ya 2009 ilipata watu 925,775. Eneo bunge la Lamu Mashariki kule Pwani hawakufika elfu 20. Wote mbunge mmoja, kura moja bungeni! Alafu CDF, zile pesa za serikali za maendeleo ya eneo bunge, ilipoanza 2003, asilimia 75 ya pesa iligawanywa sawa kwa kila eneo bunge bila kuangalia watu ni wangapi, ile 25 ndiyo iliangalia umaskini. Fikiria mama wa Matopeni anaomba basari kwenye kapu moja na karibu watu milioni.

Na hiyo tano haikutoka hewani. Katiba ya 2010 ilitoa maeneo bunge kutoka 210 ikayafikisha 290. Wakenya 38,610,097 ukigawa kwa 290 ni kama 133,138. Mji unaruhusiwa kuzidi hapo kwa asilimia 40, yaani mpaka 186,000 na kitu. Chukua Embakasi ugawe na hiyo, unapata karibu 5. Ukigawa na ile ya kawaida unapata karibu 7. Kwa hivyo tano ndiyo ilikuwa chini kabisa, hakuna mtu alitupendelea.

Na kuna kitu watu wamesahau. Mugabe Were alichaguliwa mbunge wa Embakasi Desemba 2007, usiku wa kuamkia 29 Januari 2008 akapigwa risasi nje ya nyumba yake, Mungu amlaze pema. Uchaguzi mdogo ulikuja Juni, Ferdinand Waititu akashinda. Hiyo miezi yote, nchi ikiwaka moto, watu wa kujaza kaunti nzima hawakuwa na mtu bungeni, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimewekwa kwa mtu mmoja.

Mkaazi wa Umoja:
Hesabu zako ni sawa lakini mimi naangalia maisha. Umoja 1 tunanunua maji ya mtungi vile tulinunua 2005. Gesi ililipuka pale Mradi, Embakasi, tarehe 1 Februari 2024, watu wakafa, na tuna wabunge watano. Kitu kingine, marehemu David Mwenje alikuwa mbunge wa Embakasi yote, leo kijana wake Mark ndiye mbunge wetu huku Embakasi Magharibi. Simkatai, alichaguliwa na kura, lakini usiniambie kukata kulileta watu wapya. Kulileta mishahara mitano na magari matano.

Wa Dandora Phase 4:
Naongezea hapo. Dampo letu lilisemwa limejaa tangu 2001. Tulikuwa ndani ya Embakasi kubwa, moshi. Tukapewa Embakasi Kaskazini yetu 2013, moshi bado. Watoto wanakohoa. Sasa mimi nifurahie jina?

Mimi tena, niliyeanzisha:
Ndugu yangu wa Dandora hilo dampo linaniuma hata mimi, upepo ukigeuka tunalala nalo huku Kayole. Lakini tuseme ukweli, takataka na maji ni kazi ya kaunti, iko kwa Katiba, mbele hapo ilikuwa City Council. Leseni ya gesi haiandikwi na mbunge. Tukimlaumu mbunge kwa kila kitu, gavana na MCA, yule mwakilishi wa wadi, wanapita katikati wakipiga mluzi. Kile mbunge anashika ni CDF na sheria, na kwa hiyo CDF siwezi danganya, kutoka kapu moja hadi makapu matano ni tofauti.

Hiyo ya mtoto wa Mwenje nakubali inafaa kujadiliwa, ila dawa yake ni kura, si kuunganisha watu wa Utawala wenye maploti na watu wa Kwa Reuben wa nyumba za mabati, waende foleni moja ya shida tofauti.

Sasa kitu kinanisumbua zaidi. Mipaka ilichapishwa Machi 2012 na Katiba inataka iangaliwe tena kabla ya miaka 12, yaani Machi 2024, na hiyo tarehe ikapita tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ikiwa haina hata makamishna. Pipeline kila mwaka kunaota ghorofa mpya, Mihang'o kulikuwa shamba tupu. 290 imefungwa kwa Katiba, huku tukiongezewa lazima kwingine wapunguziwe, na ule ulinzi wa maeneo bunge madogo yasipotee ulikuwa wa mara ya kwanza tu. Wa Umoja, wewe ungetaka tume ikikaa ianzie wapi, kukata Embakasi Mashariki ama kugusa kule kwenye watu wachache? Na wenye mko Lamu mkisoma hii semeni pia, sitaki tuwaamulie mkiwa hampo.