Ushauri: nafasi ya muhula mmoja Ujerumani na fildi hukohuko, niende au nimalize chuo kwanza?

BintiTandika

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote humu shikamoo.

Nipo mwaka wa pili, uhandisi umeme, chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Oktoba naingia wa tatu. Chuo chetu kina makubaliano na chuo kikuu kimoja cha Ujerumani chini ya Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na idara imenipendekeza mimi na kijana mwingine twende kusoma muhula wa baridi, unaoanza Oktoba. Nauli wanatoa, posho ya kila mwezi ipo, ada ya masomo ya kule hatulipi. Hadi hapo ni furaha tupu.

Kinachonisumbua ni hiki. Mji huohuo kuna kampuni inayofunga umeme jua juu ya mapaa ya viwanda na maghala. Niliwaandikia, wakajibu kwamba wako tayari kunipokea kwa fildi (mafunzo kwa vitendo) ya miezi mitatu, Aprili hadi Juni, muhula ukishaisha. Natamani mno, kwa sababu fildi ya mwaka wa kwanza nilipangiwa ofisi ambayo kazi yangu kubwa ilikuwa kupandisha mafaili ghorofani na kusubiri saini. Waya sikuwahi kushika. Lakini nikibaki hadi Juni, muhula wa pili wa hapa unanipita wote, na masomo yake hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Wenzangu wanahitimu, mimi nabaki nyuma mwaka mzima.

Nasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Nikiwa nje bumu, yaani ile hela ya kujikimu, litaendelea kuingia? Na mama, anayeuza vitenge Tandika na ndiye anayetubeba sote tangu baba afariki, kasema kwa kifupi: maliza kwanza, hayo mengine yatakuja. Wadogo zangu wako sekondari na anategemea nianze kazi mapema.

Halafu kuna wakala mmoja Kariakoo anasema atanitafutia fildi ya kulipwa Ulaya bila kupitia chuo. Anataka shilingi milioni 4, na nikishapata pasipoti nimwachie yeye aitunze.

Naombeni ushauri, hasa kwa waliopitia. Nawasilisha.

Kijana_wa_Mbezi

Dada nenda. Kulipiwa nauli na posho si kila mtu anapata. Mwaka mmoja utaufidia.

MamaKibada

Kijana, "nenda" ni rahisi kumwambia mtoto wa mwenzio. Huyu ana mama sokoni na wadogo wanaomtazama. Watu wa uhandisi waliokwisha kwenda wako wapi?

Volti415

Nipo. Nilikwenda kwa mpango huohuo nikitokea chuo kingine hapahapa mjini, nikarudi nikamaliza.

BintiTandika, kabla hujaamua kwenda au kubaki, mwombe mratibu akubadilishie muhula. Usiende wa baridi, nenda wa kiangazi. Tazama kalenda. Kwenye vyuo vikuu vya Ujerumani muhula wa baridi ni Oktoba 1 hadi Machi 31, kwa hiyo fildi ya Aprili hadi Juni inaangukia katikati ya muhula wetu wa pili. Hapo ndipo mwaka unapoliwa. Muhula wa kiangazi ni Aprili 1 hadi Septemba 30, na vipindi huisha katikati ya Julai. Ukimaliza mitihani mapema, Agosti na Septemba zinabaki wazi, na huo ndio wakati wenzako wa hapa wako fildi kwenye likizo ndefu. Unasoma muhula wa kwanza hapa, wa pili kule, fildi unafanya kulekule, kisha unaingia mwaka wa nne na darasa lako. Hakikisha tu kwamba ni chuo kikuu cha kawaida. Vyuo vyao vya sayansi tumizi huanza muhula huo Machi 1 na kumaliza Agosti 31, na Machi unaweza kuwa bado una mitihani huku.

Yote haya yanasimama juu ya karatasi moja: mkataba wa masomo. Unasainiwa na wewe, chuo chako na chuo cha kule, na usiondoke haujakamilika. Kila somo la muhula wa pili unaloliacha hapa liwe na somo la kule lililotajwa kwa jina na namba yake kwamba ndilo litakalolibeba. Maneno ya "ukirudi tutaangalia" usiyakubali hata yakisemwa na profesa anayekupenda.

Kuna mambo mawili humo yanawaumiza watu. Kwanza ni krediti. Krediti moja ya Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, ya kwetu kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni saa 10. Somo la krediti 5 kule lina saa 125 au zaidi, kwa hesabu ya hapa ni krediti 12 na ushee. Kuna ofisi ya mitihani iliyomwandikia mwenzetu 5 kwa 5, akaonekana hajatimiza muhula, na alihangaika na barua hadi karibu na mahafali. Pili ni alama. Kule 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ni ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umefeli. Huku GPA ya 5.0 ndiyo kilele. Mwanafunzi anarudi na 1.3, kazi safi kabisa, na karani anayeitazama kwa mazoea ya hapa anaona mtu aliyeanguka. Jedwali la kubadilisha alama liambatanishwe kwenye mkataba kabla hujapanda ndege.

Mnufaika_Zamani

Nijibu la Bodi. Kitu cha kuogopa ni kuahirisha masomo. Ukiandika barua ya kuahirisha, malipo yanasimama, na kurudishwa kwenye orodha ni mlolongo mwingine. Ukienda kwa kubadilishana chini ya makubaliano ya chuo, bado ni mwanafunzi wa chuo chako na umesajiliwa. Kwa hiyo jisajili muhula ule kama kawaida, na chukua barua ya chuo inayosema uko nje kwa masomo yanayohesabiwa kwenye digrii yako. Kisha nenda na barua hiyo kwa afisa mikopo wa chuo, kaa naye, mwulize uso kwa uso kuhusu bumu na kuhusu hela ya fildi, akujibu kwa maandishi. Usitegemee jibu la kwenye grupu la darasa.

MamaKibada

Sasa nimeelewa. Mwanangu, marahaba, na pole kwa yote unayobeba.

Mama yako nadhani anaogopa kitu asichokiona. Ameambiwa "Ulaya" na "posho", na mjini hapa maneno hayo yamewaliza wazazi wengi. Mpeleke chuoni. Funga naye meza siku moja, aende akaketi mbele ya mratibu, aone barua yenye mhuri, aulize mwenyewe mwanangu atalala wapi, akiumwa anatibiwa na nani, na mwaka wa kumaliza ni upi. Mimi wa kwangu alipokwenda kusoma India nilikataa mpaka nilipozungumza na mwalimu wake. Kumwambia tu "mama usiwe na wasiwasi" hakusaidii.

Na umweleze ukweli kuhusu hela. Asije akawaahidi watu wa vikoba kwamba binti atatuma kila mwezi. Posho ile ni ya kula na kulala.

Volti415

Mama umesema kweli tupu, na niongeze hapo kwenye hela. Posho ya kwanza mara nyingi huingia baada ya kufika na kufungua akaunti ya benki ya kule. Wakati huohuo mwenye chumba anataka kodi na amana, bima ya afya kwa mwanafunzi ni zaidi ya yuro 100 kwa mwezi, na kuna mchango wa muhula ambao mara nyingi unakuwa na tiketi ya usafiri ndani yake. Kiulize chuo mapema kama kitatanguliza sehemu ya posho kabla ya safari. Wengine hukubali, lakini asiyeomba hapewi.

Ubalozi nao unataka kuona uwezo wa kujikimu. Kiwango walichoweka kwa mwanafunzi tangu Septemba 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka kwa wanaojilipia na kuweka hela kwenye akaunti maalumu iliyofungwa. Wewe barua ya ufadhili inachukua nafasi ya akaunti hiyo, ilimradi itaje kiasi na miezi. Kama posho iko chini ya kiwango, jua mapema pengo litazibwa na nani.

Mwl_Mstaafu_Temeke

Nizungumzie wakala, maana mengine yamejibiwa vizuri.

Binti yangu, pasipoti haiachwi kwa mtu yeyote anayekutafutia nafasi. Anayeshika pasipoti yako ndiye anayeamua lini unarudi nyumbani. Fildi ya kweli ina mwajiri mwenye jina, anwani, na mtu unayeweza kumwandikia mwenyewe, kama ulivyowaandikia hao wa umeme jua. Huyu wa Kariakoo amekutajia kampuni gani? Nimesoma ulichoandika mara ya pili, sikuiona.

Oktoba 2024 shirika la habari la AP liliripoti habari za wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22 walioitikia tangazo la kazi na masomo nchini Urusi. Walijikuta eneo la viwanda la Alabuga, Tatarstan, wanaunganisha droni za vita. Walikuwa na umri wako, na wazazi wao nao walifurahi siku ya kuwasindikiza uwanja wa ndege. Hiyo milioni 4 mwachie mama aongeze mtaji.

Kama unataka njia nyingine halali ya fildi ya nje kwa wanafunzi wa ufundi, ulizia IAESTE hapo chuoni. Ni mtandao wa kimataifa wa kubadilishana wanafunzi kwa mafunzo ya kazi, wa tangu 1948, na nafasi zake hupitia kamati ya nchi, si mtu wa mtaani.

Nanjing_Dar

Kwa wanaosoma uzi huu wakiifikiria China: fildi kule haiendi kienyeji. Ukiwa na viza ya masomo unahitaji kibali cha chuo na maandishi ya ziada kwenye kibali chako cha ukaazi kabla ya kuanza. Ukikamatwa kazini bila hayo, ni faini au kurudishwa.

BintiTandika

Wakuu, asanteni sana, sana. Mwalimu shikamoo. Nimempigia wakala nikamwomba jina la kampuni, akasema nilipe kwanza nusu ndipo "mfumo utafunguka". Nimeachana naye.

Leo nimekaa na mratibu. Kubadilisha kwenda muhula wa kiangazi kunawezekana, na yule kijana mwingine anabaki na wa baridi. Kampuni nimewaandikia wakasema Agosti na Septemba kwao ni nzuri zaidi, mapaa yamekauka na kazi ni nyingi. Mama anakuja chuoni Ijumaa, atamwacha jirani kwenye meza.

Limebaki swali moja. Mratibu anasema fildi yetu lazima mwalimu aje kukagua. Nani atakuja Ujerumani? Na kampuni wanauliza waandike nini kwenye barua.

Volti415

Hongera mdogo wangu, umekwenda haraka.

Ukaguzi: mwombe mkuu wa idara aandike kwamba utakaguliwa kwa njia ya video, na kwamba mhandisi wa kampuni atakuwa msimamizi anayesaini daftari la fildi kila wiki. Kwangu mwalimu alitaka nimwonyeshe kwa kamera bodi ya fyuzi niliyokuwa naifanyia kazi, nikamweleza kila waya unakokwenda, akauliza maswali magumu kuliko wanayouliza wakija Ubungo.

Barua ya kampuni: iwe na jina na cheo cha msimamizi, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, kazi zenyewe kwa undani (upimaji wa paneli, ufungaji wa inveta, michoro), lugha ya kazi, bima ya ajali, na kama kuna posho. Halafu kuna jambo moja la kisheria la kuangalia. Mwanafunzi wa nje anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka tangu Machi 2024. Fildi iliyo sehemu ya lazima ya masomo haihesabiwi kwenye siku hizo, ya hiari inahesabiwa. Lakini fildi ya lazima pia haina haki ya kima cha chini cha mshahara, kwa hiyo wakikupa posho ndogo hawajavunja sheria. Chuo chako kiandike barua kwamba fildi imo kwenye mtaala, kisha utume barua zote mbili kwa barua pepe ofisi ya mji ule inayoshughulikia ukaazi wa wageni uulize wanaihesabu vipi. Wakijibu, ichapishe hiyo barua pepe uwe nayo.

Kijerumani anza sasa, Goethe-Institut wako Upanga. Darasani Kiingereza kinaweza kutosha, juu ya paa fundi atakuambia "zima" kwa Kijerumani, na unatakiwa uelewe papo hapo.

Pasipoti kama bado, jaza fomu mtandaoni wiki hii kisha upeleke Uhamiaji, ni shilingi 150,000. Nenda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, na kagua kwamba majina yamefanana herufi kwa herufi na yaliyoko kwenye cheti cha kidato cha nne. Yakitofautiana, anza na kiapo kabla ya kuomba miadi ya viza.